Kamera ya Mtandao na Stara ya Nyumba

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu hapo kale walikuwa na hadhari ambayo mafundi wetu wa leo, pamoja na vipimo vyao vyote, aghalabu hawanayo: mgeni alipopanda daka na kuingia tekani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, hakuuona ua moja kwa moja, kwa kuwa njia ilipindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike walipo watu wa nyumbani, na ahali wakapata wasaa wa kusikia hodi na kumjua mbishaji kabla yeye hajawaona. Nyumba ile ile leo, ikiwa mwenyewe amenunua kamera ya mtandao kwa bei ya jozi ya viatu na kuipachika juu ya ua kwa parafujo mbili, yaweza kutazamwa ndani na mtu aliye ng'ambo ya bahari ambaye hajapata hata kulisikia jina la Lamu. Na asilolijua mwenye nyumba ni kwamba kilichoifungua nyumba yake si ile lenzi, bali ni kurasa nne au tano za mipangilio ambazo fundi alizipita mbio huku akibonyeza kila palipoandikwa endelea. Sura hii ni ya kurasa hizo.

Kamera ya zamani ilikuwa na waya mmoja uliokwenda kwenye runinga ya mlinzi, na habari yake ikaishia hapo. Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo iliyopewa lenzi: ina anwani yake, ina programu yake, ina seva yake inayomjibu kila aulizaye, na hujibu hivyo usiku na mchana pasipo kutaka kujua aulizaye ni nani, isipokuwa imeamriwa kutaka kujua. Ya kwanza kuuzwa ilitoka katika mji wa Lund, Sweden, mwaka 1996, kazi ya kampuni ya Axis, nayo kwa mwendo wake wa kasi ilitoa picha moja tu kwa sekunde. Kabla yake wanazuoni wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa wameelekeza kamera kwenye mashine yao ya kahawa tangu 1991, ili mtu asiache kazi yake akapanda ngazi na kukuta kahawa imekwisha, na mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa wazi kwa dunia nzima, hata ilipozimwa Agosti 2001. Kahawa haina haya wala siri, kwa hiyo hakuna aliyejali ni nani anayeitazama. Tatizo lilianza pale uwazi wa namna ile ulipoonekana katika vyombo vilivyopachikwa vyumbani mwa watoto.

Januari 2012 ilidhihirika kwamba baadhi ya kamera za kampuni ya TRENDnet ya Marekani zilikuwa na kasoro katika programu yake, hata ikawa kila aliyeijua anwani ya kamera aliweza kuiona picha yake bila ya kuulizwa nywila, ijapokuwa mwenye kamera alikuwa ameweka nywila yake kwa uaminifu; viungo vya kamera zipatazo mia saba vikatangazwa, na watu wakaonekana wamelala, na watoto wachanga wakaonekana vitandani mwao. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ililifuatilia shauri hilo, likamalizika kwa mapatano mwaka 2013. Lakini aibu ile, kwa ukubwa wake, iliwapata wenye nyumba peke yao. Msiba wa mwaka 2016 uliwapata hata wasio na kamera. Programu haramu iitwayo Mirai, ambayo vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani Desemba 2017 kuwa ni kazi yao, ilizunguka dunia ikibisha kwenye kamera na vinasa picha, na hodi yake ilikuwa orodha ya majina na nywila za kiwandani sitini na kitu, orodha ambayo mwanafunzi aweza kuinakili yote kwenye kurasa mbili za daftari. Chombo kilichofunguka kikawa mateka wake. Tarehe 21 Oktoba 2016 mateka hao, maelfu kwa maelfu, walituma maombi ya uongo kwa pamoja kuizonga kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na kwa saa kadhaa watu wengi wa mashariki ya Marekani hawakuweza kuzifikia Twitter, Netflix na nyingine nyingi. Wenye kamera hawakujua lolote, maana picha zao ziliendelea kuja kama kawaida. Kuzima na kuwasha kuliiondoa Mirai, kwa kuwa ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu, lakini kamera iliyoamka na nywila ile ile ya kiwandani ilitekwa tena baada ya dakika chache.

Basi fundi mwenye adabu ya kazi hapandi ngazi kwanza. Huiweka kamera mezani karibu na ruta, akaiunga kwa waya wa mtandao hata kama imenunuliwa kwa ajili ya mawimbi, kwa sababu kamera haiwezi kuingia katika mtandao wa hewani kabla ya kuambiwa jina la mtandao huo na ufunguo wake, na ni kwa njia ya waya ndipo huambiwa. (Kamera nyingi za bei nafuu siku hizi hazina tundu la waya, nazo huambiwa kwa simu, ama kwa kuonyeshwa msimbo wa miraba kwenye kioo, ama kwa kusikilizishwa mlio, lakini yanayopitishwa ni yale yale.) Ikishaungwa, ruta huipa anwani kutoka katika akiba yake, kwa utaratibu uitwao DHCP, nayo huwa ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, mathalani 192.168.1.104. Anwani za ukoo huu, pamoja na zile zianzazo na 10 na zile za 172.16 mpaka 172.31, zilitengwa mwaka 1996 zitumike ndani ya majumba na maofisi tu. Ndiyo maana nyumba milioni moja zaweza kuwa na kamera yenye anwani moja bila ya kugongana, na ndiyo maana mtu wa nje hawezi kuifikia moja kwa moja. Hiyo ndiyo tekani ya nyumba ya mtandao, na tutakuja kuona ni nani huibomoa.

Ila DHCP hukopesha, haigawii milele. Umeme ukikatika ukarudi, yamkini kamera ikaamka na anwani nyingine, na mwenye nyumba akaitafuta kwa anwani ya jana akadhani imekufa. Afadhali ipewe anwani ya kudumu. Ikiwa ruta yenyewe ni 192.168.1.1, nayo hukopesha kuanzia 100 hadi 200, kamera iandikiwe 192.168.1.50, kipimo cha mtandao kiandikwe 255.255.255.0, na mahali pa lango iandikwe anwani ya ruta. Kutoka nje ya akiba ya ruta ni sharti, kwa kuwa vyombo viwili vikishika anwani moja vitapokezana kupotea, kimoja kikija kingine kinakwenda, na fundi asiyejua sababu atabadilisha waya, na ruta, na mwishowe kamera yenyewe. Na iwapo kamera haihitaji kutoka nje abadani, mathalani ile ya ghala inayotazamwa na mwenye duka akiwa humo humo dukani, mahali pa lango paachwe patupu, kama kamera inakubali: kisichojua lango lilipo hakiendi mbali.

Sasa tuje kwenye mawimbi, ambako ndiko penye uzito wa jambo. Ukurasa wa Wi-Fi wa kamera yoyote huuliza mambo matatu: jina la mtandao, aina ya ulinzi na ufunguo. La kwanza hushughulikiwa kwa kubonyeza kitufe cha kutafuta, na papo hapo kamera huorodhesha mitandao yote inayoisikia, wa nyumba hii na wa jirani na wa mkahawa wa mkabala, na ni vyema kuchagua katika orodha kuliko kuandika kwa mkono, maana herufi kubwa na ndogo katika jina hilo ni vitu viwili tofauti. Jina lisipoonekana, sababu aghalabu ni moja: ruta za sasa hutangaza kwa masafa mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na kamera nyingi za bei nafuu husikia yale ya kwanza tu. Wala si hasara, kwa kuwa masafa ya 2.4 ndiyo yapenyayo vyema kuta, na anayeishi ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe, Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa, ataona kwamba hata hayo huchoka baada ya kuta mbili. Katika masafa hayo njia zisizoingiliana ni tatu, namba 1, 6 na 11, na palipo na majirani wengi huwa bora kutazama ni ipi isiyosongamana kuliko kuiachia ruta ichague.

La pili, aina ya ulinzi, huletwa kama orodha ndogo ya kuchagua, na orodha hiyo ni historia ya miaka ishirini na zaidi imekunjwa katika mstari mmoja. Juu kabisa huandikwa wazi, yaani hapana ulinzi, na kila aliye barabarani aweza kuyadaka mawimbi. Kisha huja WEP, ulinzi uliotoka pamoja na kanuni za kwanza za mtandao wa hewani mwaka 1997, na ambao mwaka 2001 wanazuoni watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kwamba ufunguo wake huvuja wenyewe katika maneno unayoyaficha. Na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, wakaonyesha kwamba ufunguo wa WEP wa herufi kumi na tatu waweza kupatikana kwa chini ya dakika moja. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kamera ndicho chombo kibaya kuliko vyote kuachiwa WEP, kwa sababu mdukuzi huhitaji kukusanya vipande vingi vya habari ili afanye hesabu yake, na kamera, tofauti na simu iliyolala mfukoni, haikomi kutuma. Humpa yote anayoyataka kabla chai yake haijapoa.

Baada yake ikaja WPA mwaka 2003, kama kiraka cha kuwasitiri waliokuwa na vyombo vya zamani, kisha WPA2 mwaka 2004, ambayo husimba habari kwa hesabu iitwayo AES, nayo hata leo ndiyo inayostahili kuchaguliwa na wengi; na WPA3, ya mwaka 2018, ichaguliwe na yeyote ambaye kamera yake na ruta yake zote mbili zinaijua. Orodha ikionyesha WPA2 kwa TKIP, hesabu ya zamani, na WPA2 kwa AES, ya AES ndiyo itwaliwe. Na asidhani mtu kwamba akishachagua amemaliza: Oktoba 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alitangaza kasoro katika namna WPA2 inavyopeana funguo baina ya ruta na chombo, kasoro iliyotibika kwa kusasisha programu. Simu zilisasishwa, kompyuta zikasasishwa, kamera nyingi zikabaki ukutani na programu ya siku zilipotoka kiwandani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi katika ukurasa ule. Ukurasa wa kusasisha, basi, ufunguliwe siku ya kwanza, kabla ya kuhangaika na mengine, na ufunguliwe tena kila baada ya miezi michache.

La tatu ni ufunguo. Katika WPA2 ufunguo huwa na herufi kuanzia 8 hadi 63, na mwenye kuweka namba yake ya simu, au jina la duka na mwaka lilipofunguliwa, amewarahisishia kazi wanaobahatisha, kwa kuwa hayo ndiyo hujaribiwa mwanzo. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyoungwa pamoja, hukumbukika kwa mwenyewe na huwashinda wabahatishaji. Tena iko njia ya mkato inayovutia wavivu, kitufe na namba ya WPS, ambayo huunga kamera pasipo kuandika ufunguo wowote. Namba hiyo ina tarakimu 8, na mtu angedhani kwamba kuibahatisha kwataka majaribio milioni mia moja. Lakini Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikubali nusu ya kwanza mbali na nusu ya pili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo majaribio yakapungua mpaka 11,000 kwa wingi wake. Namba ya WPS izimwe katika ruta. Ama kuficha jina la mtandao, na kuorodhesha vyombo vinavyoruhusiwa kwa namba zao za kiwandani, mambo ambayo mafundi wengi huyatangaza kama siri kubwa ya kazi, rai yangu ni kwamba ni pambo: jina lililofichwa husikika pale chombo kinapounga, na namba ya kiwandani huigwa kwa amri moja.

Kabla ya kuhifadhi, soma ufunguo herufi kwa herufi ukiwa umebonyeza alama ya jicho inayouonyesha, hasa penye sifuri na herufi O, na penye moja na herufi l, maana hapa ndipo nusu ya malalamiko ya kamera mbovu huzaliwa. Hifadhi, ngoja kamera iseme imeungana, kisha chomoa waya. Taa itazima au itapepesa, na kwa dakika nzima hakuna picha. Usiurudishe waya kwa haraka. Na ikiwa umeacha ruta ikopeshe anwani, jua kwamba katika kamera nyingi tundu la waya na antena kila kimoja kina namba yake ya kiwandani, hivyo ruta huviona kama wageni wawili, na kamera iliyokuwa 192.168.1.104 kwa waya yaweza kuibuka 192.168.1.105 kwa mawimbi. Mafundi wengi hukaa wakiita anwani ya zamani, wakasema mawimbi yamekataa, ilhali kamera ipo, imesimama anwani ya pili yake. Fungua orodha ya vyombo katika ruta, utaiona. Isipokuwemo hata humo, rudisha waya, ukasahihishe ufunguo.

Hadi hapa tumelinda njia kati ya kamera na ruta. Bado kamera yenyewe. Nilipata kumsikia fundi mmoja, Mombasa, akimkabidhi mama mwenye nyumba kazi yake kwa fahari. "Mama, jina ni admin, na nywila pia ni admin. Nimekuachia hivyo ili usisumbuke kukumbuka." Mama akamtazama. "Na wewe, mwanangu, utaikumbuka?" Fundi akacheka. "Za nyumba zote nazikumbuka, mama, maana zote ni moja." Mama akamwambia aketi, asiondoke, mpaka ya kwake iwe tofauti. Maneno yale ya fundi, kwa wema wake wote, ndiyo hasa ambayo Mirai iliyategemea. Uingereza imeyakataza kwa sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024: chombo kiunganishwacho kwenye mtandao hakiruhusiwi kuuzwa nchini humo kikiwa na nywila moja kwa wote. Kwetu hapana katazo la namna hiyo dukani, kwa hiyo sharti mnunuzi ajikataze mwenyewe. Nywila ya msimamizi ibadilishwe kamera ikiwa bado mezani. Watu wa nyumbani wapewe jina jingine lenye idhini ya kutazama tu, na fundi, akimaliza, asibaki na lake.

Tekani niliyoitaja, ile ya anwani za ndani, hubomolewa na mwenye nyumba mwenyewe kwa kutaka kuitazama nyumba yake akiwa safarini, na tamaa hiyo ni ya haki. Njia ya kale ni kuifungulia poti katika ruta, yaani kuiamuru kwamba kila ajaye kutoka nje na kuuliza namba fulani apelekwe kwa kamera: 80 kwa kurasa za kawaida, 443 kwa kurasa zilizosimbwa, 554 kwa mkondo wa picha. Lakini afunguliwaye hapo si mwenye nyumba peke yake. Ziko mashine zinazozunguka anwani zote za intaneti mchana kutwa zikigonga poti hizo, na kubadilisha 80 kuwa 8080 hakuzidanganyi. Baya zaidi ni utaratibu uitwao UPnP, ambao huiruhusu kamera kujifungulia poti yenyewe bila ya kumwuliza mtu. Uzimwe katika kamera, na uzimwe katika ruta. Wanaotumia intaneti ya simu aghalabu watakuta kwamba kufungua poti hakufai kitu, kwa kuwa kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ruta yao hujiona na anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127; fundi asiyelijua hilo atalaumu ruta siku nzima. Kwao kinachobaki ni njia ya mtengenezaji, ambapo kamera hutoka yenyewe kwenda kwa seva yake, na simu huifuata huko huko kwa akaunti. Njia hii haifungui poti, ila humpa mtengenezaji amana kubwa, na akaunti ile ndiyo inakuwa ufunguo wa nyumba: iwe na nywila isiyotumika mahali pengine, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Mwenye maarifa zaidi, na mwenye anwani yake mwenyewe, ajiwekee VPN, yaani njia yake ya faragha iliyosimbwa, katika ruta, aingie nyumbani kwanza, kisha ndipo aitazame kamera kama aliyeketi sebuleni.

Tena, kamera isikae katika mtandao mmoja na kompyuta ya hesabu za duka. Karibu kila ruta ya sasa ina mtandao wa wageni, nao umezuiwa kuvifikia vyombo vya ndani. Kamera zikae huko, ili hata ikitekwa moja isiwe daraja la kuvukia. Ubaya wake ni kwamba simu iliyo katika mtandao mkuu huenda isiione kamera moja kwa moja, nayo ni taabu ndogo.

Yako mambo mawili ya mipangilio ambayo si ya usalama kwa jina, lakini hugeuka kuwa ya usalama siku ya mkasa. La kwanza ni saa. Kamera nyingi hutoka kiwandani na saa ya China, iliyotangulia ya kwetu kwa saa tano, na picha ya mwizi aliyeingia usiku wa manane ikionyesha alfajiri iliyokwisha kucha huwa ithibati dhaifu mbele ya hakimu. Ichaguliwe kanda ya UTC+3, na kamera ielekezwe kwa seva ya saa ili isipotee umeme unapokatika. La pili ni wingi wa habari. Mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde, ambao ni wa wastani kwa picha safi, hula gigabaiti 0.9 kwa saa, na gigabaiti 21.6 kwa siku. Anayetegemea bando la simu na kuiacha kamera itume mfululizo kwenye seva ya mbali, bando litakwisha kabla ya wiki, na siku ya wizi kamera itakuwa bubu. Inase ndani ya kadi yake yenyewe, na simu ya msafiri ipewe mkondo mdogo. Kadi ina faida nyingine: mawimbi yanaweza kuzimwa na mtu aliye nje kwa kutuma amri bandia za kuitenga kamera na ruta, hila ambayo WPA3 inaizuia na WPA2 mara nyingi haiizuii, na kamera inayonasa kwenye kadi itaendelea kuona hata inapokosa wa kumwambia. Mlango mkuu na sanduku la fedha, kwa sababu hii, ni mahali pa kamera ya waya, si ya mawimbi. Waya mmoja wa mtandao hupitisha picha na umeme pamoja hadi mita mia moja.

Na jirani naye ana haki. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu katika picha ni taarifa yake binafsi kwa sheria zote mbili. Kamera nyingi zina ukurasa wa kuziba sehemu ya picha kwa weusi. Dirisha la jirani lizibwe hapo, na maikrofoni izimwe ikiwa haina kazi.

Msomaji mwenye kamera ukutani tayari namsihi asingoje kununua mpya ndipo ayafanye haya. Aingie leo katika ukurasa wa Wi-Fi atazame orodha ya ulinzi. Akikuta kamera yake haijui ila WEP, au mtengenezaji ameacha kuitolea programu mpya, hapana mpangilio utakaoiponya: ikiwa ina tundu la waya iungwe kwa waya, na inyimwe lango la kutokea nje, ikiwa haina, ishushwe.